Kusafiri kwa basi na watoto wadogo: mambo ya kujua kabla ya safari, njiani na baada ya kufika

Kila mwaka Desemba inapokaribia, stendi za mabasi nchini Tanzania hujaa familia. Wengine wanarudi Kilimanjaro kula sikukuu na wazee. Wengine wanatoka Kagera au Kigoma kwenda Dar es Salaam kuwaona ndugu. Wapo wanaompeleka mtoto hospitali ya rufaa, na wapo wanaowahi msibani ambao hawakupata hata siku moja ya kujiandaa. Katika msafara huo, mara nyingi yumo mama mwenye mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi na begi kichwani.

Kwa mtu mzima, safari ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, ni uchovu wa siku moja. Kwa mtoto wa mwaka mmoja inaweza kuwa hatari. Mwili wake ni mdogo na hupoteza maji haraka kwa jua, kutapika au kuhara. Hawezi kusema ana kiu wala kwamba kichwa kinamuuma. Anaweza kupanda basi akiwa mzima asubuhi, na kufikia jioni akawa amelegea.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mzazi au mlezi anaweza kuyafanya ili mtoto afike salama. Mengi hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kujua mapema.

Kabla ya kukata tiketi

Anza kwa kumwangalia mtoto mwenyewe. Kama ana homa, anaharisha au anapumua kwa shida, mpeleke kwanza zahanati. Safari haitamponya, na njiani utakuwa mbali na msaada. Kwa mtoto mchanga, kama safari inaweza kusubiri, subirini. Wiki sita za kwanza ndizo ambazo mama na mtoto wanatakiwa kuhudhuria kliniki baada ya kujifungua, na mtoto bado hana nguvu ya kupambana na magonjwa ya kwenye msongamano.

Angalia pia kadi ya kliniki. Chanjo za watoto Tanzania hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18. Tarehe ikiangukia siku ambazo mtakuwa safarini, usiiache ipite. Nenda na kadi kwenye kituo cha afya cha huko mnakokwenda na mtoto atachanjwa.

Unapokata tiketi, uliza mambo matatu: nauli ya mtoto ni kiasi gani, basi linasimama wapi kwa chakula na choo, na linatarajiwa kufika saa ngapi. Ukiwa na watoto wawili wadogo, jitahidi kupata angalau viti viwili. Kumpakata mmoja na kumsimamisha mwingine katikati ya miguu kwa saa kumi na mbili ni mateso kwenu nyote, na basi likifunga breki ghafla yule aliyesimama ndiye wa kwanza kuumia.

Hakikisha pia jina la mtoto limeandikwa. Mtoto wa kupakatwa asiye na tiketi anaweza asiwemo kwenye orodha ya abiria. Ikitokea ajali, hakuna atakayejua kwamba alikuwemo. Mwambie karani: “Naomba uandike na jina la mtoto.”

Kuhusu kiti, chagua cha katikati ya basi, mbele ya matairi ya nyuma. Hapo mtikisiko ni mdogo na kichefuchefu hupungua. Epuka kiti cha mbele kabisa karibu na kioo, kiti kilicho mlangoni na viti vya nyuma kabisa. Fikiria na jua. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi asubuhi, kwa sehemu kubwa ya njia jua humpiga upande wa kulia, kisha alasiri hugeukia kushoto. Kama dirisha halina pazia, khanga itafanya kazi hiyo.

Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yanaruhusiwa kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya katazo. Safari ya usiku ina faida yake: hakuna jua na watoto hulala. Lakini kwenye nyanda za juu kama Mafinga, Makambako na Njombe baridi ni kali, na kumtafutia mtoto mgonjwa msaada usiku ni vigumu zaidi. Pima mwenyewe kulingana na afya ya mtoto wako na saa mtakayofika.

Mkoba wa mtoto

Mizigo mikubwa itaingia kwenye buti, na buti haifunguliwi kila mara. Kwa hiyo mtoto awe na mkoba wake mdogo unaokaa miguuni mwako. Weka humo:

- Maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa.
- Pakiti mbili au tatu za ORS, kikombe na kijiko safi.
- Nepi za kutosha na nguo mbili za kubadilisha. Weka na gauni au blauzi yako moja, kwa sababu mtoto akitapika hatatapika kwake peke yake.
- Khanga mbili. Zinafaa kwa kufunika, kutandika, kufuta, kumkinga mtoto na jua na kumstiri mama anaponyonyesha.
- Sweta, soksi na kofia, hata kama kwenu kuna joto.
- Kopo tupu lenye mfuniko, kwa matapishi au haja ndogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kopo linafaa zaidi kwa sababu halivuji.
- Sabuni kipande na chupa ya maji ya kunawa.
- Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na nakala ya cheti cha kuzaliwa.
- Dawa ambazo mtoto ameandikiwa na mhudumu wa afya, zikiwa na maelezo ya kipimo.

Hakikisha simu imejaa chaji na ina salio. Andika namba muhimu kwenye karatasi pia, maana simu inaweza kuzimika au kuibiwa.

Kutoka kijijini hadi barabara kuu

Kwa familia nyingi, safari huanza saa tisa au saa kumi alfajiri kwa bodaboda. Hiki mara nyingi ndicho kipande cha hatari kuliko vyote, ingawa ni kifupi.

Usipande pikipiki moja na watoto wawili pamoja na mizigo. Mtoto asikae mbele ya dereva kwenye tenki. Pikipiki ikigonga kitu, yeye ndiye anayetangulia. Angalia miguu ya mtoto aliyebebwa mgongoni au kando, kwani bomba la moshi huunguza vibaya sana. Mtoto mchanga aliye kwenye mbeleko awe na pua na mdomo wazi, na kidevu kisigandamizwe kifuani. Akifunikwa gubigubi kwa kuogopa baridi anaweza kukosa hewa bila hata kulia.

Kama inawezekana, fikeni mjini siku moja kabla na mlale kwa ndugu. Mtoto aliyelala vizuri husafiri vizuri.

Chakula na maji njiani

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Hata kwenye joto kali hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji mengi ni mama. Kina mama wengi hawanywi maji safarini kwa kuogopa kutafuta choo, kisha maziwa yanapungua na mtoto analia njia nzima. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi.

Mtoto mkubwa kidogo mpe maji mara kwa mara, hata kama hajaomba. Mkojo wake ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, ujue maji hayatoshi.

Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vijidudu huanza kuongezeka. Wali wa nazi uliofungwa kwenye hotipoti alfajiri na kuliwa saa nane mchana umeharisha watoto wengi. Beba vitu visivyoharibika upesi: ndizi mbivu, machungwa, maandazi, chapati kavu, biskuti. Uji ukae kwenye chupa ya chai iliyo moto kweli, na utakaobaki kikombeni umwagwe. Maziwa ya kopo yaandaliwe wakati wa kunywa, na yasikae zaidi ya saa mbili.

Mnapofika kwenye vituo vya chakula, nunua kilicho moto na kinachotoka jikoni wakati huo. Matunda nunua yale utakayomenya mwenyewe, si yaliyokwisha kukatwa.

Kuna vyakula vya kuepuka kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya gari linalotikisika: karanga nzima, bisi, pipi ngumu na vipande vya miwa. Basi likiruka tuta, punje moja ya karanga inaweza kumkaba mtoto.

Kataa kwa upole chakula au kinywaji kutoka kwa abiria usiyemjua. Wapo waliowekewa dawa za kulevya wakaamka hawana mizigo.

Ndani ya basi

Ukimpakata mtoto na kiti kina mkanda, jifunge wewe, kisha mshike mtoto nje ya mkanda. Usimzungushie mkanda mmoja na wewe. Basi likigonga, uzito wako wote utambana kwenye mkanda na kumvunja. Mtoto aliye na kiti chake akae, asisimame juu ya kiti wala kucheza kwenye njia ya katikati. Mikono na kichwa visitoke dirishani.

Mwendo wa mabasi ya abiria haupaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hufuatilia mwendo huo kwa mfumo wa VTS uliofungwa kwenye mabasi. Dereva akikimbiza gari, semeni. Abiria mmoja akisema anaonekana mwoga. Kumi wakisema, dereva husikia.

*Kichefuchefu.* Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Sababu ni kwamba sikio la ndani linahisi mwendo, lakini macho yanayotazama kiti cha mbele au simu yanaona kila kitu kimetulia. Ubongo unachanganyikiwa na tumbo linavurugika. Mwonyeshe mtoto vitu vya mbali nje, fungua dirisha kidogo, na usimpe simu kuangalia katuni. Kabla ya safari ale kidogo na chakula kikavu. Kumnyima kabisa hakusaidii, na kumshibisha hakusaidii pia.

*Dawa za kumlaza mtoto.* Baadhi ya wazazi huwapa watoto dawa ya mafua, ya kikohozi au ya mzio ili walale njiani. Usifanye hivyo. Dawa hizi zinaweza kupunguza upumuaji wa mtoto mdogo. Promethazini, inayotumika kuzuia kutapika, haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mtoto aliyelala kwa dawa hawezi kukuonyesha kwamba anaugua. Kama mtoto wako hutapika sana kila safari, muulize mhudumu wa afya kabla ya siku ya kuondoka.

*Kuchimba dawa.* Mtoto hawezi kujizuia kama mtu mzima. Mwambie konda mapema: “Konda, nina mtoto, tukipata sehemu nzuri naomba utusimamishie.” Mkishuka, mwambie na jirani wa kiti, ili basi lisiondoke bila ninyi. Mshike mtoto mkono muda wote, na msivuke barabara. Nawisheni mikono kabla ya kupanda.

Ikiwa mnasafiri baba na mama, gawaneni kazi. Mmoja ashike watoto na mwingine ashughulikie mizigo na tiketi. Wakati wote wawili wanabishana na wapagazi, mtoto hubaki bila macho.

Stendi na mtoto kupotea

Stendi kubwa kama ile ya Magufuli, Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, ina watu wengi kuliko mtoto wa kijijini aliowahi kuona. Asubuhi ya safari mpige picha kwa simu akiwa na nguo alizovaa. Andika jina lako na namba ya simu kwenye kikaratasi, ukishone au ukibane ndani ya nguo yake. Mtoto wa miaka mitatu na kuendelea mfundishe jina lako halisi, kwa maana akiulizwa atasema tu anaitwa “mama”.

Akipotea, toa taarifa mara moja polisi wa stendi na kwa watangazaji wa stendi. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto na hupigwa bure. Namba 112 ni ya dharura.

Mtoto akiharisha au kutapika njiani

Hapa ndipo maisha ya mtoto yanaweza kuamuliwa na kikombe na kijiko. Kuhara kwenyewe si kitu cha kwanza kinachoua. Kinachoua ni kuishiwa maji na chumvi mwilini.

Changanya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita moja. Usipunguze maji ili “ikolee”. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, na wa miaka miwili na zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko kimoja kimoja. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Endelea kumnyonyesha.

Kama huna ORS, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi isizidi.

Mkifika, mpeleke kituo cha afya apewe pia dawa ya zinki. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Usisubiri kufika mwisho wa safari ukiona haya:

- Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu.
- Amepatwa na degedege.
- Amelegea sana au haamki.
- Macho yamezama, utosi umebonyea, au analia bila machozi.
- Hajakojoa kwa zaidi ya saa sita.
- Anapumua kwa haraka au kifua kinabonyea.
- Choo kina damu.

Mwambie konda mshukie mji unaofuata wenye hospitali. Barabara kuu zetu hupita kwenye miji hiyo: Korogwe, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga. Usione aibu kuchelewesha abiria, na usiililie nauli. Nauli hutafutwa tena.

Mkisafiri kwa treni au boti

Treni ina nafasi ya mtoto kunyoosha miguu, na choo kipo ndani. Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Kwa nauli zilizotangazwa wakati huo, mtoto wa chini ya miaka minne halipi, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu.

Kwenye maziwa na baharini, uliza jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto, na mvalishe. La mtu mzima humchomoka akiingia majini. Chombo kikijaa kupita kiasi, usipande. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Mkivuka mpaka

Mtoto naye ni msafiri. Anahitaji pasipoti au hati yake ya safari, na maombi hufanyika ofisi ya Uhamiaji. Kama anasafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au bibi, beba barua ya ridhaa ya wazazi pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Maafisa huuliza hivyo ili kuzuia usafirishaji haramu wa watoto.

Baada ya kufika

Mwogeshe mtoto, mpe chakula na umlaze ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Hili ni muhimu zaidi kwa watoto wanaotoka maeneo ya baridi yenye malaria kidogo, kama Njombe au miteremko ya Kilimanjaro, wanapokwenda Kigoma, Geita, Kagera, Lindi au Mtwara. Miili yao haijazoea malaria, na ikiwapata huwa kali.

Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo mtoto anaweza kuugua mkiwa mmeshasahau safari. Akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu kwamba mlisafiri na mlikwenda wapi. Asipoambiwa, anaweza kudhani ni mafua.

Kwa ufupi

- Mtoto mgonjwa atibiwe kwanza, safari baadaye.
- Jina la mtoto liandikwe, na mkoba wake ukae miguuni.
- Maziwa ya mama na maji safi mara kwa mara, na chakula kisicholala.
- Usimpe dawa ili alale.
- ORS isikosekane mkobani.
- Ukiona dalili ya hatari, shukeni mji unaofuata.
- Homa baada ya safari ni ya kupimwa, si ya kukisia.